Tupeane uzoefu: wanaamini propaganda, au wanaitikia tu?

Wadau wa Tanga mnaosimamia madodoso, karibuni. Watu walio chini ya serikali za kimabavu huamini wanayotangaziwa? Leteni mbinu.

Wa Ngamiani: Usimuulize mtu uso kwa uso. Wagawe wahojiwa kwa bahati nasibu, makundi mawili. Kundi la kwanza lisomewe mambo matatu. La pili lisomewe yale yale pamoja na lile zito, tuseme "namuunga mkono rais". Kila mtu ataje idadi anayokubali, asitaje yapi. Wastani ukiwa 1.6 huku na 2.2 kule, tofauti ni 0.6, basi asilimia 60 wanaliunga mkono. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaweka matatu ambayo kila mtu anayakubali. Anayejibu "manne" amejianika, na mwoga atasema "matatu". Chomeka moja ambalo wengi hukataa. Na watu 200 hawatoshi, makadirio yatayumba mno. Anzia 1,000.

Wa Chumbageni: Sahihi, mwalimu. Urusi ilipimwa hivyo hivyo mapema 2015, na waliomuunga mkono Putin bado walikaribia asilimia 80. Woga peke yake haukutosha kueleza umaarufu huo. Ila kumuunga mkono mtu si kusadiki kila taarifa ya habari. Hayo yapimwe kila moja peke yake.

Wa Makorora: Naongezea China. Mtafiti Haifeng Huang aliwahoji wanafunzi wa chuo: walioifahamu zaidi propaganda hawakuiridhia serikali zaidi, ila waliiona ina nguvu, na hamu ya kuipinga ikapungua. Mwenye nyumba akikohoa mlangoni hajasema neno, lakini umeshajua yupo. Kwangu hili ndilo jibu zito kuliko yote.

Wa Chumbageni: Na redio ya Wanazi ilichochea chuki zaidi pale ambapo Wayahudi walikuwa wakichukiwa tangu zamani. Kwingine iligeuka, watu wakawa kinyume nayo.

Wa Raskazone: Jamani, angalieni Kiswahili cha dodoso. "Unaamini habari za redio?" mmoja ataisikia kama "ni za kweli?", mwingine "una imani na serikali?" Yatenganishe: umeisikia? Ni kweli? Nyumbani ungeisimulia hivyo hivyo? Na mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, mshukuru, aondoke kabla ya swali la kwanza. Akikaa hata kwenye kibaraza cha jirani, majibu ya nyumba hiyo yawekee alama, uyachambue peke yake.