Bloki ya Land Rover ya zamani imepasuka: gundi, kuchomelea, kushona au nitafute nyingine?

Chuma Chakavu:
Wakuu habari zenu. Nina Land Rover Series III ya petroli, bloki ya injini (lile bonge la chuma lenye silinda) imepata ufa. Fundi wa kwanza kaniambia ichomelewe. Wa pili kasema nipake gundi ya epoksi maisha yaendelee. Wa tatu kasema nisihangaike, nitafute bloki nyingine. Kuna mmoja alinitajia "kushona" chuma, nikadhani ananitania. Wiki hii lazima niamue. Ipi bora?

Spana17:
Bora kwa ufa upi? Picha hakuna, ulipo hujasema, urefu hujasema. Umempigia daktari simu ukamwambia "naumwa, nipe dawa".

Mzee Gasketi:
Epoksi. Tufunge uzi.

Bi Torki:
Mzee Gasketi, subiri kwanza. Chuma Chakavu, jibu haya: ufa uko nje kwenye ukuta wa njia za maji, juu pale inapokaa gasketi, ndani ya silinda, au chini kwenye beringi kuu zinazoshika kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni? Na ilipasukaje? Wa nje hauna kazi kubwa ila kuzuia maji. Wa chini kwenye kranki unabeba nguvu yote ya injini, na huo hata mimi nisingeugusa.

Chuma Chakavu:
Samahani wakuu, nilikuwa naandika haraka. Uko ubavuni kwa nje, karibu na plagi moja ya bloki (kile kizibo cha njia ya maji, si plagi ya cheche), umelala, kama sentimita 12. Injini ikipata moto maji yanachuruzika kidogo kidogo. Gari la 1976, injini ya lita 2.25.

Mzee Gasketi:
Si nilisema? Huo ni wa epoksi. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Chonga mfereji wa V kwa grenda, usifike ndani. Osha grisi yote mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Paka, acha saa 24. Yangu ina mwaka wa sita na haijadondosha tone. Wanaolalamika kuwa gundi imebanduka ni wale waliopaka juu ya kutu na mafuta.

Tupa na Patasi:
Ndugu, nikusimulie ya kwangu ili usije ukamwita mtu wa kuchomelea kwa sababu tu yuko jirani.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, ufa wa ubavuni kama wako, mfupi zaidi. Nikampelekea fundi ambaye kwa mageti na chesisi hana mpinzani. Nilimuuliza kama amewahi kuchomelea bloki, akanijibu chuma ni chuma. Akachukua rodi za kawaida, akavuta mshono mmoja mrefu bila kupasha bloki moto. Ulipendeza kweli. Kisha akachota maji akaumwagia upoe, nisichelewe. Tukasikia "tii!" Tukatazamana. Akasema ni kawaida, chuma kinajirudi.

Siku ya tatu maji yakatoka tena, safari hii pembeni ya mshono, ufa mpya umefuatana nao kama reli. Akachomelea na huo. Ukatokea wa tatu, ukapanda hadi kwenye tundu la bolti ya silinda hedi. Mimi naendelea kuendesha, naongeza maji kila asubuhi. Maji yakaingia kwenye oili, beringi zikaliwa, kranki ikakwanguka. Mwisho nikanunua injini nzima, ile ile niliyokuwa naikwepa tangu mwanzo. Na fundi nilishamlipa mara tatu.

Spana17:
Kosa la fundi hilo, kuchomelea hakuna kosa. Bloki ni chuma cha kusubu, kina kaboni nyingi. Ukikichoma kwa ghafla na kukipoza kwa ghafla, sehemu iliyopakana na mshono inakuwa ngumu kama kioo, na chuma chenyewe hakijui kunyumbuka. Ndiyo ile "tii" uliyoisikia. Anayejua kazi anatumia rodi za nikeli, anachomelea kipande cha sentimita 2 au 3, anakigongagonga kwa nyundo kingali cha moto, anangoja mpaka aweze kupashika kwa mkono ndipo aendelee. Au bloki nzima inapashwa kwenye tanuri hadi nyuzi 600 na zaidi, kisha inafukiwa kwenye majivu au chokaa ipoe polepole, hata siku nzima.

Tupa na Patasi:
Na huyo anayejua kazi, umewahi kumwona kwa macho yako?

Spana17:
Wawili. Mmoja kastaafu.

Bi Torki:
Kushona si utani. Unatoboa tundu kwenye ufa, unakata nyuzi za skrubu ndani yake, unafunga pini yenye nyuzi, unaikata kichwa. Inayofuata unaitoboa ikimega kidogo ile ya kwanza, hivyo hivyo mpaka ufa wote umekuwa mstari wa pini zilizobanana. Kwenye sehemu inayobeba nguvu unaongeza vifungo vya kukatisha ufa. Mwisho unasawazisha kwa grenda. Hakuna moto, kwa hiyo hakuna "tii". Injini kubwa za meli hutengenezwa hivyo bila kung'olewa. Ubaya wake ni subira: sentimita 12 ni pini nyingi, na ukitoboa kombo umeharibu.

Mzee Gasketi:
Yote hayo kwa sababu ya maji yanayochuruzika.

Spana17:
Chuma Chakavu, dada kakuuliza ilipasukaje. Hujajibu.

Chuma Chakavu:
Ilichemsha. Niliposimama nikaijaza maji ya baridi hapo hapo. Najua, najua. Jambo lingine, sijui kama linahusu: chini ya kifuniko cha oili kuna utando mweupe.

Bi Torki:
Sijui kama linahusu!! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

Mzee Gasketi:
Hapo naondoa neno langu kidogo. Kidogo tu.

Spana17:
Utando kwenye kifuniko peke yake unaweza kuwa mvuke wa safari fupi fupi. Chomoa kijiti cha oili. Kama na chenyewe kimepaka weupe, maji yanaingia ndani: gasketi, hedi, au ufa wa pili usiouona. Usiiwashe tena. Fungua hedi, osha bloki, ipimwe kwa presha. Ufa wa nje unaweza kuwa mtoto, mama yuko ndani.

Tupa na Patasi:
Mimi ningetafuta bloki nyingine sasa hivi. Tena ya kuanzia 1980, yenye beringi kuu 5. Hiyo yako ina 3.

Mzee Gasketi:
Hizo 3 zimemfikisha leo! Akibadilisha bloki, namba ya injini haitalingana na kadi ya gari. Na kranki ya 3 haiingii kwenye ya 5, utamwambia anunue bloki kumbe ananunua injini.

Tupa na Patasi:
Gari la kazi au la maonyesho? Hata hilo hakutuambia.

Bi Torki:
Na bloki ya mtumba nayo ipimwe presha kabla ya kulipa. Nimeona watu wakibadilisha ufa kwa ufa.

Spana17:
Pia ulikuwa unatumia maji matupu au kulanti, yaani yenye dawa ya kuzuia kutu? Kama ni maji matupu miaka yote, huo ukuta umeliwa na kutu kwa ndani. Ukiwa mwembamba, pini hazitapata pa kushika.

Mzee Gasketi:
Maji matupu hayajawahi kuua gari lolote langu.

Spana17:
Mzee, lako limebandikwa gundi.

Mzee Gasketi:
Na linatembea.

Chuma Chakavu:
Nimechomoa kijiti. Ni cheupe. Jumamosi nafungua hedi, nitaleta picha. Maji yalikuwa matupu, ndiyo.

Dizeli Baridi:
Nimesoma juu juu tu. Mkuu, ukiamua kuachana na hilo gari, lina overdraivu, ile gia ya ziada? Naitaka.