Kulala hemani na watoto bila kuliwa na mbu: nisaidieni

MamaPacha

Habari za jioni jamani. Naombeni ushauri kwa waliozoea kupiga kambi na watoto wadogo, maana safari yetu ya kwanza ilinishinda.

Tulikwenda watano: mimi, baba watoto, pacha wetu wa miaka 6 na mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu. Baba watoto akachagua mahali kwa kufuata mandhari. Bondeni, hatua kama ishirini kutoka kwenye dimbwi lililotulia tuli. Mchana palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Ilipogonga saa 12 jioni nikaanza kusikia pacha wakijipiga makofi miguuni, pa, pa, nikajua leo hatulali.

Silaha zetu zilikuwa bangili za mpira zenye harufu ya mchaichai, mishumaa mitatu ya harufu hiyo hiyo, na programu ya simu inayotoa mlio ambao eti mbu wanauogopa. Hemani tukawasha taa watoto wavae nguo za kulala, na mlango ukawa haukai umefungwa: huyu anafuata tochi, yule kiatu, huyu kabanwa na mkojo. Asubuhi mdogo kaamka jicho moja limefumba kabisa kwa uvimbe. Usiku wa pili baba watoto akataka tuwashe dawa ya mbu ya kuchoma humo humo ndani ya hema. Nikakataa, tukabishana, saa 3 usiku tukafungasha tukarudi nyumbani.

Sasa pacha kila siku ni "mama tunaenda lini tena?" Mwisho wa mwezi tuna nafasi. Huyu mdogo apakwe nini kisichomdhuru? Na mlango wa hema mnaumudu vipi na watoto? Tafadhali msiniambie nizoee tu, hilo nimeshaambiwa na shemeji.

Kigingi

Pole sana mama pacha. Mimi nina wanne, mkubwa ana miaka 15, na tulianza kulala naye hemani kabla hajaota meno. Kwa hiyo nimeshaumwa kwa niaba ya wengi.

Hivyo ulivyotaja sitavigusa sana, bangili na mishumaa na mlio wa simu. Mlio haufanyi kitu. Bangili, hata ikifanya kazi, inalinda kifundo cha mkono, na mtoto ana mwili mzima. Mlishindwa mapema zaidi, pale baba watoto alipopiga kigingi cha kwanza.

Mbu haendi mbio. Mwendo wake haufikii wa mtu anayetembea kawaida, na upepo mdogo tu unamvuruga. Halafu upepo huohuo unatawanya pumzi yenu, na pumzi ndiyo anayoifuata akiwa mbali. Joto na jasho anavigundua akishakaribia. Sasa ninyi mko watano mnapumua ndani ya kitambaa, bondeni, hewa imesimama, kando ya maji yaliyotuama. Mngeweza pia kuwatumia mwaliko.

Mimi nikifika mahali siangalii mandhari kwanza. Nachomeka fimbo, juu yake nafunga utepe wa kitambaa chepesi kama urefu wa kiganja, naendelea kushusha mizigo. Utepe ukilala muda wote nahama. Mke wangu alikuwa ananicheka, siku hizi yeye ndiye anauliza "utepe uko wapi?" Natafuta mwinuko ulio wazi, mbali na majani marefu na vichaka vizito, kwa sababu mbu wengi mchana hujificha kwenye kivuli chenye unyevu. Na mbali na maji kadiri miguu ya watoto inavyoruhusu.

Kuhusu maji, kuna kosa nawaona wengi wakilifanya. Wanamwaga beseni la kunawia kila saa kwa kuogopa mbu, halafu wanalala mita kumi kutoka kwenye kinamasi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, hata kwenye joto, ni kama wiki nzima au zaidi. Beseni lako la leo halitakuuma leo. Maji yaliyokuwepo kabla hujafika ndiyo ya kuangalia: dimbwi, shimo la mti, kopo lililotupwa, nyayo za wanyama zilizojaa mvua. Chungulia, ukiona viluwiluwi vinacheza humo basi majirani zako umeshawajua. Wala usidhani maji yanayokwenda kasi ni salama, huko ndiko usubi wanakozaliwa, na wao huuma mchana.

Sasa mlango. Kwetu unaitwa mpaka, na mpaka una askari. Kila siku mtoto mmoja anakuwa askari wa zipu. Masharti yake: taa ya ndani izimwe kabla zipu haijaguswa. Zipu ifunguliwe kutoka chini, kiasi cha mtu kuinama na kupita. Anayeingia anajikung'uta kwanza, maana mbu wengine huja wamemkalia mgongoni. Kila kitu cha usiku, pamoja na ndoo ya haja ndogo kwa wadogo, kinakuwa ndani kabla ya jua kuzama. Taa ya nje naitundika mbali na hema, wadudu warushe sherehe yao huko.

Baada ya hapo ni msako. Tochi moja, namulika pembe za juu na mishono. Mbu akishashiba anapenda kutua ukutani apumzike. Usilale mpaka umemaliza, mmoja tu anatosha kuwaharibia usiku watu watano.

Na jambo moja lililonigharimu: mkono au goti likigusa wavu, mbu anauma kutokea nje. Mwanangu wa pili aliamka ana mstari wa vipele kumi na moja mgongoni, hema lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Siku hizi mizigo ndiyo inalala ukutani, watoto wanalala katikati.

Dawa_kwa_Kipimo

Kigingi amemaliza habari za hema, mimi niongeze za ngozi. Nauza dawa kwa kazi, na swali la mtoto wa mwaka mmoja na nusu naulizwa mara nyingi sana.

Dada, dawa ya kujipaka yenye DEET, yaani kemikali ya kufukuza wadudu, inafaa kwa mtoto wako, asilimia 10 hadi 30. Asiyepakwa ni mchanga wa chini ya miezi 2, huyo anafunikwa chandarua tu. Watu huogopa jina lake, lakini imekuwa mikononi mwa raia tangu 1957, si kitu cha jana. Asilimia haimaanishi ukali, inamaanisha muda: ya 10 hukaa kama saa 2, ya 20 na kitu hufika saa 4 au 5. Kama harufu yake inakukera, au ina tabia ya kukulia plastiki za miwani na saa (na kweli inazila), tafuta yenye pikaridini, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, ya asilimia 20. Yale mafuta ya mkaratusi wa ndimu yaliyoandikwa kwenye chupa kuwa ni kinga ya wadudu yanafanya kazi vizuri, ila si kwa walio chini ya miaka 3. Kwa hiyo pacha ndiyo, mdogo hapana.

Namna ya kupaka ndiyo watu wanakosea. Weka kwenye kiganja chako wewe, kisha mpake mtoto. Viganja vyake viruke kabisa, vitaishia mdomoni au machoni. Usipake chini ya nguo wala penye mkwaruzo. Kama mnatumia krimu ya jua, hiyo inatangulia, mnangoja ikauke, ndipo dawa ya wadudu. Zile chupa za mbili kwa moja achana nazo: krimu ya jua hurudiwa mara kwa mara, dawa ya wadudu si hivyo. Mkishaingia hemani kulala, mwoshe.

Nguo zinaweza kunyunyiziwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5, nguo na hema, kamwe si ngozi. Nyunyizia nje, ziache zikauke kabisa. Kama mna paka nyumbani, awe mbali mpaka zikauke, ikiwa mbichi ni sumu kwake. Na usizifulie kwenye kijito, samaki nao inawaua.

Kuhusu ugomvi wenu: ulikuwa sahihi wewe. Koili moja, hiyo dawa ya mbu ya kuchoma, ikiungua inaweza kutoa chembe laini za moshi sawa na sigara zaidi ya 70, na hapo mna kitambaa kinachoshika moto na watoto wamelala. Nje, upande upepo unakotokea, sawa.

Lile jicho: kitambaa cha maji baridi, kucha zikatwe fupi. Uvimbe wa kope kwa watoto unatisha kuliko ulivyo. Lakini akipumua kwa shida, au uvimbe ukiwa wa moto na unazidi kila siku, mpelekeni hospitali. Na mkilala sehemu yenye malaria, homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari mapema mlilala wapi. Asikisie.

Mtu_wa_Asili

Mnahangaika na kemikali bure. Kitunguu saumu siku tatu kabla ya safari, na vidonge vya vitamini B. Mbu hawakugusi. Mimi siumwi kabisa.

Kigingi

Ndugu yangu, nilikula kitunguu saumu wiki nzima. Aliyenikimbia ni mke wangu peke yake. Kuna watu mbu huwapenda kidogo kwa harufu ya ngozi zao walizozaliwa nazo, pengine wewe ni mmoja wao. Njoo tupige kambi wote, nitakuweka karibu na mlango.

Bibi_Turubai

Wanangu, mmezungumzia mbu tu. Huyo mama atakwenda kwenye majani na watoto wawili wa miaka 6 wanaojiviringisha kila mahali. Kila jioni wavueni nguo, mwangalie kupe: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Ukimkuta, kamata kwa kibano pale pale alipoingilia ngozini, vuta moja kwa moja taratibu. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta. Wakati wangu tulimchoma, na tulikosea.

Kama mnakokwenda kuna mbung'o, acheni nguo za bluu na nyeusi. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo kwa sababu wanazipenda. Nao ni wa mchana, wanafuata hata gari linalotembea. Suruali za kubana pia hazifai, mdudu anapitisha mdomo. Vaeni pana, soksi juu ya pindo la suruali. Mtaonekana vichekesho, sawa tu.

MamaPacha

Shikamoo bibi, na asanteni wote. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Kwanza tulisimamisha hema uani tukafanya mazoezi ya mlango. Baba watoto aliona ni upuuzi mpaka mara ya tatu, alipojisahau akafungua zipu yote huku taa inawaka, pacha wakamzomea. Tangu hapo akanyooka.

Safari yenyewe tulikwenda na utepe. Mahali pa kwanza ukalala kama umekufa, tukahama bila hata kushusha mizigo. Pa pili palikuwa kwenye mwinuko, hapana maji wala mandhari ya kupigia picha, ila utepe ulicheza mchana kutwa. Tukala mapema, saa 11 na nusu kila mtu amevaa mikono mirefu na soksi zake za vichekesho. Mdogo nilimpaka yenye DEET, kiganjani kwangu kwanza. Kwenye msako nilipata mbu wanne, wote pembe ya juu kama ulivyosema Kigingi. Mmoja alikuwa na damu, hatujui ya nani. Kupe mmoja, kwenye kisigino cha soksi, hajawahi kufika ngozini. Mdogo ana kipele kimoja sikioni, basi.

Lililobaki ni hili. Asubuhi, upepo ulipokufa kabisa, waliingia vidudu vidogo mno, kama punje ya pilipili iliyosagwa, zipu ikiwa imefungwa. Wanapita kwenye matundu ya wavu wenyewe! Hao mnawafanyaje?

Kigingi

Hao wavu wa kawaida wa mbu hauwazuii, matundu yake ni makubwa kwao. Kuna mahema yenye wavu wa matundu madogo zaidi, ila hewa hupita kidogo na usiku wa joto mtalalamika. Mimi natumia feni ndogo ya betri, nailaza iwapulizie watoto usoni kwa chini. Wadudu hao ni wepesi sana, hawawezi kutua penye upepo hata huo wa feni. Iwashwe kabla ya alfajiri, msingoje mpaka wameanza kuuma. Kwenye mazoezi yenu hesabuni betri inakaa saa ngapi, yangu ilinizimikia saa 10 usiku.

MamaPacha

Feni ipo, ya pacha, ya kuchezea. Nitaiomba kwa askari wa zipu, maana siku hizi bila ruhusa yake hapiti mtu. Jana baba yao alikaa nje ya hema la uani dakika nzima anabisha hodi, taa ya kichwani inawaka, anaambiwa "zima kwanza".