Naomba ushauri: Sabato yetu hapa Eldoret inakufa

Mtoto wa Mbale: Wanakijiji, hamjambo. Mimi ni Myahudi, Mganda wa upande wa Mbale, kazi ndiyo iliyonileta Eldoret. Wenzangu hapa ni wachache, wametawanyika Langas na Huruma. Huwa nawaalika kwangu Ijumaa jioni. Mke wangu anaoka mkate, anawasha mishumaa kabla jua halijazama, tunaimba. Mwanzoni walikuja, sasa kila mtu ana udhuru. Nifanyeje tufike kumi na tubaki kumi? Nina haraka kidogo.

Mama Shiru: Pole baba. Chama chetu nacho kilikuwa kinakufa, tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, asiyekuja anatozwa mia mbili. Siku hizi hata mwenye homa anakuja. Ila mweka hazina alitoroka na pesa zetu akahamia Kitale, wacha nisianze.

Mtoto wa Mbale: Asante mama, lakini siku ya Sabato hatushiki pesa.

Mwinjilisti: Ndugu, kwani makanisa yameisha? Sabato hata sisi tunaishika. Karibu Jumamosi, viti vipo.

Njoro Kuu: Mbona lazima kumi? Wanne hawawezi kula wakashiba? Na haraka ni ya nini?

Mtoto wa Mbale: Baba amefariki. Kwetu mtoto humsomea mzazi Kadishi, sala ya mfiwa, kwa miezi kumi na mmoja, na haisomwi mpaka Wayahudi kumi waliobaleghe wawe pamoja. Nimeshaongea na majirani wawili, Wasabato wanaoipenda sana Torati, wahesabiwe nasi. Wamekubali. Ni watu wa Mungu, sioni ubaya.

Njoro Kuu: Pole sana kwa msiba. Na wenzako wanajua habari za hao majirani?

Mtoto wa Mbale: Wanajua. Wawili walinung'unika. Lakini ningefanya nini?

Kiboko Yao: Hii hekaya umeitunga. Wayahudi Mbale? Wayahudi Eldoret? Kesho tutaletewa namba ya M-Pesa ya mchango.

Mwalimu Mstaafu: Wapo. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, aliwatumikia Waingereza kisha akakosana nao; mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake ndio Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge 2016. Na Eldoret isikushangaze: mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya uwanda huuhuu wa Uasin Gishu, mkutano wao ukaukataa 1905. Watu huuita mpango wa Uganda, kumbe ni mashamba yetu ya mahindi.

Arap Shamba: Na babu zetu waliulizwa na nani?

Mwalimu Mstaafu: Hawakuulizwa. Na baadaye ardhi ilipewa walowezi vilevile.

Binti wa Nabugoye: Turudi kwa mfiwa. Kaka, pole, mzee apumzike. Majirani umewahesabu. Mkeo je? Kwetu Nabugoye, kilima cha Abayudaya karibu na Mbale, wanawake wanahesabiwa.

Mtoto wa Mbale: Baba alisali Putti, kijiji kingine cha Abayudaya. Kule wanahesabiwa wanaume tu. Siwezi kumbadilishia marehemu desturi.

Binti wa Nabugoye: Na Putti wangemhesabu Msabato? Mkeo ni Myahudi, jirani si Myahudi, hata awe mwema vipi. Hapo ndipo wenzako walipokukimbia. Shika desturi moja. Ukishika ya baba, nenda Putti kila unapopata ruhusa kazini, kule kumi hawakosekani. Ondoka Alhamisi, maana foleni ya mpakani Malaba inaweza kukuzamishia jua la Ijumaa njiani, Sabato ikaingia. Na hawa wa Langas usiwaite kwa hesabu. Waendee kwao, ujue nani anaumwa, nani hana kazi. Sisi nyumbani tulikaa pamoja hivyo miaka ya Amin, si kwa mwaliko wa Ijumaa peke yake.

Mtoto wa Mbale: Ni rahisi kusema ukiwa mlimani kwenu. Mimi ninafanya kazi ya zamu. Ila yule wa Langas mkewe amejifungua mvulana. Siku ya nane itakuwa Jumatano.

Binti wa Nabugoye: Basi tohara ni Jumatano. Badilisha zamu uende asubuhi na mkeo, na umwambie mwenyewe kwamba umefiwa. Majirani waende nanyi kama wageni.

Mama Shiru: Na usiende mikono mitupu. Bebeni unga wa uji, mzazi anahitaji maziwa yatoke.