Fuvu na mifupa iliyofukuliwa: tuitunzeje kwenye stoo yenye unyevu wa ziwa?

MlinziWaStoo:
Wadau, kituo chetu cha utamaduni kipo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Magu, Mwanza. Tumeletewa fuvu, taya, mifupa miwili ya paja na mbavu kadhaa, vilivyofukuliwa wakati wa kuchimba msingi wa darasa. Sasa vimo kwenye katoni la dagaa la kutoka soko la samaki la Mwaloni, chini kuna sponji ya godoro. Stoo ni ya bati. Kuna anayeshauri tuvioshe, tupake vanishi ya mbao, halafu fuvu likae kwenye kabati la kioo. Ni sahihi?

UdongoMwekundu:
Vanishi hapana kabisa, mkuu, na gundi nyeupe ya seremala vilevile. Zinaziba vinyweleo vya mfupa, zinageuka njano, na siku ya kuzitoa zinabanduka na uso wa mfupa.

Sponji ya godoro ndani ya miaka michache inakuwa unga unaonata. Ila katoni ndilo baya zaidi: wale wadudu weusi wa dagaa mkavu, na viluwiluwi vyao vyenye manyoya, hula pia ngozi au nywele zilizosalia.

Msiloweke. Mfupa mgumu unasafishwa kwa brashi laini kavu. Tope likigoma, brashi iwe na unyevu kidogo tu. Anikeni kivulini juu ya wavu, siku kadhaa, kwa maana jua linaupasua. Udongo uliojaa kwenye fuvu msiumwage: humo mna meno yaliyodondoka na vile vifupa vidogo vya sikio. Uwekeni kwenye mfuko wake, wenye namba ileile ya fuvu.

Glavu na barakoa kila mnapogusa. Mwaka 2023 huko Berlin, vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi ya Wajerumani vilioanishwa na ndugu walio hai Kilimanjaro. Jasho la mikono yenu linaweza kuvuruga kipimo cha namna hiyo.

Kipimahewa:
Naongezea kuhusu unyevu wa hewa. Ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu unaota. Asilimia 45 hadi 55 ndiyo inayopendekezwa. Kwa Mwanza msijiumize kuitafuta namba hiyo, tafuteni utulivu. Chini ya bati mchana ni tanuri, usiku baridi, na meno ndiyo yanayoanza kupasuka kwa sababu tabaka la nje na la ndani hayasinyai sawasawa. Hamishieni chumba cha tofali chenye dari, rafu isiguse ukuta wa nje, iwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Nunueni kipimaunyevu, andikeni asubuhi na jioni.

Boksi liwe la karatasi isiyo na asidi. Fuvu peke yake, juu ya pete ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi, taya kando. Mapaja chini, mbavu juu. Fuvu linabebwa kwa mikono miwili kwa chini, kamwe si kwa matundu ya macho.

MlinziWaStoo:
Mifuko ya nailoni je?

Kipimahewa:
Inafaa ikiwa mifupa imekauka kweli, na mfuko umetobolewa. Ukifungwa kabisa unatoa jasho. Lebo andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu unafifia.

MzeeWaRegista:
Mmeruka jambo la kwanza. Polisi na serikali ya kijiji wamearifiwa? Huenda si mifupa ya kale. Ikithibitika ni ya kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahusika: mpitie kwa afisa utamaduni wa wilaya hadi Idara ya Malikale. Andikeni palipochimbwa, kina, upande fuvu lilipoelekea, na kila kilichokuwa karibu, hata shanga moja. Bila hayo mnabaki na mifupa isiyo na kwao.

Kabati la kioo liache kwanza. Watu watakutajia makumbusho ya Kalenga, Iringa, kwamba mbona fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, linaonyeshwa. Lile lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba Mjerumani alirudishe, likarudi 1954, na Wahehe wanajua ni la nani. Lenu halina jina. Waiteni banamhala, wazee wa mila wa Kisukuma, wa eneo hilo kabla ya fundi wa vioo. Wakisema lizikwe, kazi yenu ni kuliandika vizuri na kulikabidhi, kwa kibali cha Malikale. Mkihitaji cha kuonyesha, nakala ya plasta inatosha.