LibreOffice ni ya nani hasa, na mtu asiyejua kuprogramu anaweza kuchangia?

mkarafuu_wete
Asalaam alaykum jamani. Mie ni mwalimu wa skuli huku Wete, chumba cha kompyuta tunacho, mashine kumi na mbili za kizamani, na ile programu ya ofisi iliyokuwemo ilikuwa ya kuchakachua, ikafika wakati kila ukifungua inakupa maandishi mekundu hadi wanafunzi wanacheka. Kijana mmoja akatutilia LibreOffice, mwaka sasa tunaitumia na kwa kweli inatufaa.

Sasa juzi nimetunga mtihani wangu vizuri, swali la nne lina jedwali, nimelipanga limekaa sawa, nikamtumia mkuu wangu. Kafungua kwenye Word yake, jedwali limekatika, mistari miwili huku na mitatu ukurasa wa pili, kaniita mbele ya wenzangu, "maalim, hichi kitu chako cha bure ndo hivi?" Nikanyamaza tu.

Nilichotaka kuuliza, hii kitu ina mwenyewe? Nikilalamika namlalamikia nani? Na je mtu kama mie, kuprogramu sijui lakini Kiswahili nnakijua, kuna kazi naweza kuifanya humo au ni ya Wazungu na vijana wa vyuo tu?

fundi_darajani
Waalaykum salaam maalim. Kwanza hilo jedwali, angalia fonti. Mtihani wako uliandika kwa Calibri eeh? LibreOffice haina ruhusa ya kugawa Calibri, kwa hivyo inaweka Carlito ambayo vipimo vyake ni vile vile, lakini kama hao waliokutilia mashine waliifuta au iko fonti nyengine kabisa basi mistari inarefuka na jedwali linaruka. Mtihani ukishakamilika tuma PDF, mkuu hana haja ya kuuhariri.

Mwenyewe sasa. Ilianzia Ujerumani ikiitwa StarOffice, Sun Microsystems wakainunua 1999, mwaka 2000 wakafungua kodi zake (maandishi ya programu yenyewe, si kodi za mapato za ZRA) ikawa OpenOffice.org. 2010 kampuni ya Oracle kainunua Sun, waliokuwa wakiitengeneza wakaingiwa na wasiwasi, na tarehe 28 Septemba mwaka huo huo wakatangaza taasisi ya The Document Foundation na jina jipya LibreOffice, toleo la kwanza 3.3 likatoka Januari 2011. Oracle lile jina la OpenOffice akawapa Apache, taasisi nyengine ya programu huria, kwa hivyo ukiona mtu anakwambia shusha OpenOffice jua anakupeleka kwenye nyumba iliyohamwa. Makao ya hiyo taasisi ni Berlin. Lakini mwenyewe wa kukuuzia hayupo, na wala hayupo wa kukufukuza.

pweza_mkavu
Samahani nawakatisha. Bure bure, haya. 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, tukashangilia kama tumefunga goli. Leo nitajie mtu mmoja hapa Unguja anayeitumia. Kitu kisicho na mwenyewe kinakufa, na hata hiyo LibreOffice mnayoisifu wanaoandika kodi wengi ni waajiriwa wa makampuni kama Collabora, wanalipwa. Maalim asije akapoteza usiku zake huko.

BintiMakunduchi
Yakhe pweza maneno yako nusu kweli. Waajiriwa wapo tena wengi na ni bakhti, nani angekaa miaka yote akikarabati C++, ile lugha iliyoandikiwa programu, kwa kula hewa? Lakini tafsiri si kama kupaka rangi ukuta ukamaliza ukaondoka. Toleo linatoka mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mwaka na Agosti, na kila toleo lina menyu mpya na maneno mapya, wakikosekana watu wa kuendeleza Kiswahili chako kinaanza kutoboka, huku umesoma "Hifadhi" huku unakutana na Kiingereza kitupu. Ile ya 2004 mie naitazama hivyo, ilitafsiriwa kwa mshindo mmoja na mshindo wa pili haukuja wa kutosha.

Maalim kazi yako ipo. Tafsiri zinafanywa kwenye Weblate, ni tovuti ya kutafsiria programu, unajisajili, unachagua Kiswahili, unaona sentensi moja moja na sanduku la kuandikia. Ukiwa na bando dogo inatosha, ni maandishi tu, si kama kushusha programu yenyewe inayokula MB mia tatu na kitu. Kazi ngumu ni kukubaliana maneno. Spreadsheet vitabuni ni lahajedwali, sawa, ila nimewaambia wanafunzi wangu "fungueni lahajedwali" wakanitolea macho kama nimesema Kichina. Cell wengine wanataka seli wengine kisanduku, mie nasema kisanduku kwa sababu seli mtoto wa biolojia keshaifunga akilini. Na tafadhali asije mtu na tarakilishi.

mkarafuu_wete
Hahaha hapo kwa tarakilishi nipo nawe dada'angu. Lakini hili la jedwali langu nalipeleka wapi basi, maana PDF sawa ila wenzangu wanataka waibadilishe mitihani. Na kuna jengine, mitihani ya dini tunachanganya Kiarabu na Kiswahili, namba ya aya ikikaa mwisho wa mstari inarukia upande wa pili.

fundi_darajani
La Kiarabu kwanza wasikwambie ni bagi, yaani kosa la programu. Nenda Tools, Options, sehemu ya lugha, washa ile ya complex text layout, ndo mpangilio wa maandishi kama ya Kiarabu, halafu ukiwa kwenye paragrafu ya Kiarabu bonyeza Ctrl+Shift+D igeuke kulia kwenda kushoto, ukirudi Kiswahili Ctrl+Shift+A. Paragrafu kwa paragrafu, usigeuze waraka mzima.

Jedwali likibaki baada ya kurekebisha fonti ndo unakwenda Bugzilla yao, tovuti ya kuripoti makosa ya programu. Na hapa ndo wengi wetu tunaharibu, mtu anaandika "table inakataa, naomba msaada" basi, huyo hajibiwi mpaka kiama. Chukua faili lile lile, futa maswali yote uache jedwali tu (mtihani usiuweke hadharani maalim, wanafunzi wako wana simu), andika toleo lako kutoka Help kisha About, andika umefanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, ukaona nini. Jaribu pia kwenye safe mode, inafungua programu bila mipangilio yako, ipo humo humo kwenye Help. Ripoti inaanza UNCONFIRMED, yaani haijathibitishwa, mtu mwengine akiliona tatizo kwake inakuwa NEW. Huyo mtu mwengine anaweza kuwa wewe kwa ripoti za wenzako, nayo ni kazi inayohesabiwa. Ukichangia miezi mitatu na una nia ya kuendelea sita mingine unaweza kuomba uanachama wa taasisi na ukapiga kura kuchagua bodi. Mwalimu wa Wete na injinia wa Berlin kura moja moja.

pweza_mkavu
Hilo la kura nilikuwa silijui. Haya, nasubiri kuona.

mkarafuu_wete
Nimerudi. Kumbe ilikuwa fonti, mashine ya ofisini Carlito haikuwemo kabisa, nimeitia jedwali limetulia, mkuu hajasema kitu lakini kanipa mtihani wake nimpangie, nafahamu maana yake.

Na Weblate nimejisajili jana usiku baada ya Isha, nimefanya maneno kumi na nne, la kumi na tano limenikwamisha. Kerning. Ile nafasi baina ya herufi na herufi. Nimemuuliza hadi fundi wa mihuri hapa sokoni kaniambia yeye anaisogeza tu, jina haina. Mnaiitaje?

BintiMakunduchi
Hata mie sina. Liache tupu, litatoka kwa Kiingereza mpaka apatikane mwenye neno, usilazimishe. Nenda la kumi na sita.