Baiskeli kusimama wima kwenye bodi ya pikapu: ipi njia nafuu?

Mpanda Pugu
Wakuu, salaam. Ninaishi Tegeta, na kila Jumamosi alfajiri ninaipeleka baiskeli yangu kwenye vilima vya Pugu kwa pikapu. Hadi sasa nimekuwa nikiilaza juu ya godoro kuukuu, na kila nikifika ninakuta rangi imechubuka mahali papya. Ninataka isafiri ikiwa imesimama, lakini vibebeo vya kiwandani vinanishinda bei, kwa kuwa bajeti yangu haizidi laki moja. Ninasita kati ya kuifunga kwa mikanda tu, kutengenezewa kitu cha mbao, au kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa.

Vipimo Kwanza
Mkuu, umemwagiza fundi cherehani suruali bila kumpa kiuno. Pikapu ni ya kebini moja au mbili? Baiskeli ni ya inchi ngapi, na ekseli ya mbele ni ya aina gani? Baiskeli ya inchi 29 ina urefu wa takribani mita 1.8, ilhali bodi ya kebini mbili huwa na mita moja na nusu hivi, kwa hiyo haiingii ikiwa imenyooka mpaka utoe gurudumu la mbele au uiweke kimshazari.

Randa ya Keko
Mimi ni mtu wa mbao, wala sifichi. Tafuta habu kuukuu ya gurudumu la mbele, yaani kile kitovu chenye ekseli, kwa fundi baiskeli yeyote, uikaze juu ya ubao wa 2 kwa 6 kwa bolti mbili zenye umbo la U, kisha ubao huo uukaze kwenye sakafu ya bodi nyuma ya kebini. Ukitoa gurudumu, foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inakaa kwenye ile habu kama ilivyozoea kukaa, na gurudumu la nyuma unalifunga kwa mkanda mmoja lisirukeruke. Gharama kubwa itakuwa ubao wenyewe.

Dada wa Kibamba
Kaka, kuhusu kufunga bila kibebeo naomba unisikilize. Mwaka jana niliisimamisha baiskeli yangu nyuma ya kebini nikaikaza kwa vipande vya tyubu, vile vile vinavyotumiwa na bodaboda kufungia mizigo, na nilipoitikisa kwa mkono haikusogea hata kidogo. Lakini mpira huvutika na kurudi, na kila tuta lilipopita baiskeli iliruka kidogo na fundo likalegea kidogo, nami sikuona chochote kwenye kioo kwa sababu usukani ulikuwa bado umesimama. Nilipofunga breki ghafla nyuma ya daladala iliyosimama kupakia abiria, gurudumu la mbele liligeuka, na ncha ya usukani, ambayo mpira wake ulikwisha kuchakaa hadi chuma kikatokeza, ikapiga kioo cha nyuma cha kebini. Kioo kilimwagika mabegani mwangu kama mchele. Kile kifaa cha gia kinachoning'inia kwenye gurudumu la nyuma nacho kilipinda, na mnyororo ukawa unaruka meno kila nikipanda mlima. Kama ni lazima ufunge tu, tumia mikanda ya kukazia isiyovutika, miwili ikivuta mbele pande zote mbili na mmoja nyuma, tena uzuie usukani usigeuke.

Chuma Tupu
Pole sana, dada. Ila hiyo mbao ya Randa itaoza masika moja tu. Bomba la pembe nne lililochomelewa vizuri litakutumikia miaka.

Randa ya Keko
Kwa chumvi ya bahari ya Tegeta? Chuma kisichopakwa rangi vizuri kwenye maungio kitaanza kutoa kutu kabla ubao wangu uliopakwa oili chafu haujabadilika rangi.

Mpanda Pugu
Samahani kwa kuchelewa. Gari ni Hilux ya kebini mbili, baiskeli ni ya inchi 29, na ekseli ya mbele ni ile nene ya kuchomoa, ya milimita 15. Breki ni za diski za mafuta. Nilisahau pia kusema kwamba mwanangu naye huja na baiskeli yake ya inchi 20.

Vipimo Kwanza
Ulilosahau ndilo lililokuwa la kwanza! Habu ya kawaida anayoisema Randa ina ekseli ya milimita 9, kwa hiyo foki yako haitakaa hapo. Utahitaji habu ya milimita 15, tena yenye upana ule ule wa foki yako, kwa kuwa zipo za milimita 100 na za 110, na hizo hazipatikani kirahisi kwenye vyuma chakavu. Na kwa breki za mafuta, ukishatoa gurudumu chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi, kwani mtoto akiminya breki pedi zitabanana na hutaweza kurudisha diski.

Chuma Tupu
Ndiyo maana mimi nasema usitoe gurudumu kabisa. Weka mfereji wa chuma kimshazari, upana wa sentimita 6, na tairi liingie humo.

Dada wa Kibamba
Yako ikikaa kimshazari, ya mtoto itakaa wapi?

Mpanda Pugu
Nitapima foki kesho asubuhi. Randa, ukipata habu ya milimita 15 huko Keko au Gerezani, nitakuja na ubao wangu.

Randa ya Keko
Njoo na baiskeli pia, na ya mtoto.