Ushauri jameni: filamu ya jaboya niiweke mtandaoni sasa au ningoje tamasha?

KijanaWaManyatta:
Habari zenu wanajukwaa. Niko Kisumu, napiga video za harusi na matanga ili kodi ilipike, lakini kazi ninayoipenda ni filamu za maisha halisi. Nimemaliza moja ya dakika kumi na nane kuhusu jaboya kwenye bichi fulani hapa ziwani, jina nahifadhi. Kwa wasiojua: mama muuza samaki haruhusiwi kununua mpaka alale na mvuvi au mwenye boti. Pesa analipa vile vile. Akikataa, beseni linarudi tupu.

Kuna tamasha la filamu za haki za binadamu, mwisho wa kutuma ni Ijumaa, na hawataki filamu iliyokwisha kuwekwa YouTube. Lakini ikikaa kwa majaji miezi yote hiyo itamsaidia nani? Niiweke sasa au nitume kwanza? Usingizi umenitoka. Naombeni majibu ya haraka.

FundiPicha_Kibuye:
Omera, tuma tamasha kwanza, YouTube haihami. Ila la muhimu ni sauti. Upepo wa ziwa unakula maneno, kama hukuvalisha maiki manyoya hiyo filamu ni kelele tu. Na usimtumie mtu kwa WhatsApp, inabana picha na kufuta taarifa za faili. Umepiga saa ngapi? Mwanga ukoje?

KijanaWaManyatta:
Manyoya nilivalisha. Mwanga ni balaa! Boti zinaingia na omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, saa kumi jioni, jua liko nyuma yao, akina mama wamesimama majini hadi magotini. Hiyo ndiyo picha ya kava.

MzeeWaKondele:
Nyinyi vijana mnaona video ni dawa ya kila ugonjwa. Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi, hapa hapa Kisumu, kamera ya televisheni ilimnasa polisi akimpiga risasi kijana asiye na silaha yoyote. Nchi nzima ikaona kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia askari, kwa sababu namba za bunduki kwenye ushahidi hazikulingana. Picha ilikuwepo, kilichokosekana ni kazi ya karatasi. Mimi nilikuwa na duka karibu na raundabauti, lilichomwa wiki hizo hizo, na hakuna aliyekuja na kamera kwangu. Sitaki hata kuanza hiyo hadithi.

Muumini_Ahero:
Tusifiche ukweli. Hao akina mama nao wana tamaa. Samaki ni lazima? Si walime mboga.

NyarDunga:
Muumini, omena anavuliwa na boti, boti ni ya mwanamume, na mwanamume ndiye anayechagua atamuuzia nani. Tamaa iko wapi hapo? Kule bichi ya Nduru akina mama walipopata boti zao wenyewe walianza kumwajiri mvuvi na kumlipa, wakachukua samaki wao mchana kweupe. Mafuriko ya 2020 ndiyo yaliyowarudisha nyuma, si tamaa.

Kijana, mimi sina swali la YouTube. Huyo mama anayezungumza kwenye filamu ameiona? Anasemaje?

KijanaWaManyatta:
Dada, fomu ya idhini alitia sahihi. Na uso nimeuziba kwa ukungu.

NyarDunga:
Sijauliza habari ya sahihi. Nimeuliza anasemaje.

BodaWaKisian:
😂😂 Jibu mwalimu.

KijanaWaManyatta:
Sawa. Kuna trela ya dakika moja nilimpa rafiki mmoja tu, ikafika kwenye kundi la WhatsApp la bichi. Mama akanipigia, anasema niitoe sehemu yake yote. Lakini sikilizeni pande zote. Yeye ndiye filamu, nikimtoa zinabaki picha za ndege na maji. Alijua anachosema, tulikaa naye jikoni kwake, akaongea mwenyewe bila kusukumwa. Ada ya tamasha nimeshalipa, fomu yao nimeshajaza. Na hakuna anayeweza kumtambua.

NyarDunga:
Kama hatambuliki, kundi la bichi lilimjuaje?

KijanaWaManyatta:
Beseni. Lake ni la buluu, lilipasuka likazibwa kwa plastiki nyekundu ya kuyeyusha. Nilipiga lile beseni kwa karibu, ni picha nzuri sana kusema kweli.

BodaWaKisian:
Kwa hivyo umeziba uso wa mama ukaacha namba plate.

WakiliMtaani:
Nasema kwa jumla tu, si ushauri wa ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini wakati wowote. Ni kweli sheria hiyo hiyo ina msamaha kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na ukipata wakili mkali atausimamia kortini. Lakini wewe unasema unatetea haki za mtu. Ibara ya 31 ya Katiba inayolinda faragha ni yake pia, si ya maadui zako peke yao. Jambo la pili: kifungu cha kumfunga mtu jela kwa kashfa kilifutwa na Mahakama Kuu 2017, ila kesi ya madai bado ipo, na mwenye boti akijitambua anaweza kukushtaki. La tatu, filamu ya kuonyeshwa hadharani hupita kwanza kwa bodi ya uainishaji. Umewapelekea?

KijanaWaManyatta:
Bodi baadaye. Mkisema nimtoe, basi hakuna filamu ya haki za binadamu itakayowahi kutengenezwa, maana kila mtu huogopa akishaona sura yake. Wengine wasiposema, jaboya itaisha vipi?

Nyasuba:
Lile shirika la filamu za haki, InformAction, walikuwa wakizunguka vijijini na skrini, watu wanatazama, halafu wanakaa chini kuongea. Si ungewaonyesha hao akina mama peke yao kwanza, mlango umefungwa, bila mwenye boti? Wao ndio waseme kipi kitoke nje.

MvuviWaUsiku:
Subirini kwanza, mnapoteza bando. Someni tena alivyomjibu Fundi. Boti zinaingia na omena saa kumi jioni? Omena gani huyo? Sisi tunavua usiku kwa taa, na giza liwepo, mwezi ukiwa mpevu tunalala kwetu. Alfajiri tunatua, jua likipanda omena wameshaanikwa. Huyu hajawahi kukanyaga bichi. Hakuna filamu, hakuna mama, hakuna beseni. Huu uzi ameandikiwa na roboti.

BodaWaKisian:
Nilijua! Plastiki nyekundu ya kuyeyusha, maneno matamu mno.

Muumini_Ahero:
Mimi nilinyamaza tu, lakini roho ilikataa tangu mwanzo.

MzeeWaKondele:
Hukunyamaza, uliwaambia walime mboga.

KijanaWaManyatta:
Si uongo. Alfajiri ni giza, kamera yangu inatoa chenga. Niliwaomba warudi jioni, wasukume boti ndani kidogo kisha waingie tena na omena wa asubuhi. Kitu ni kile kile kinachotendeka kila siku, mimi nimesogeza saa tu. Mafuta niliwalipa.

MvuviWaUsiku:
Omena wa asubuhi jioni amekauka. Mlimmwagia maji?

KijanaWaManyatta:
Kidogo.

MvuviWaUsiku:
😂 Sasa nakuamini. Hakuna mwongo angebuni hiyo.

NyarDunga:
Mimi sicheki. Mwenye boti alikubali kuigiza hayo yote? Aliambiwa ni filamu ya nini?

KijanaWaManyatta:
Aliambiwa ni ya uvuvi.

NyarDunga:
Na huyo mama tangu trela itoke ananunua kwa nani?

KijanaWaManyatta:
Anaenda bichi nyingine. Nauli ni juu kidogo. Nilikuwa nimepanga kumsaidia tuzo ikipatikana.

WakiliMtaani:
Kijana, mwenye boti akienda kortini jambo la kwanza litakalosemwa ni kwamba ulipanga watu na kumwagilia samaki. Baada ya hapo hata maneno ya kweli ya huyo mama yataitwa maigizo. Faili asilia za jikoni kwake zihifadhi bila kuzigusa, lakini zikae kwako. Tamasha waandikie barua pepe uombe kuondoa kazi. Ada ikipotea, ipotee.

FundiPicha_Kibuye:
Ama tafuta mama mwingine arudie maneno kwa sauti yake, na beseni la kuazima. Hapo chini andika kwamba ni maigizo, hakuna atakayekulaumu. Na hiyo maiki ya manyoya unauza?

KijanaWaManyatta:
Maiki siuzi. Nitaenda kwake Alhamisi tukae tena, pengine akiona filamu nzima atabadilisha mawazo. Ila picha ya jioni siitoi.

NyarDunga:
Alhamisi nenda bila kamera. Na bila ile fomu.

MvuviWaUsiku:
Hiyo ya jioni itoe, wavuvi wote wa ziwa hili watakucheka. Mwezi mpevu ukipita, giza likirudi, njoo tutoke na boti yangu usiku, upige kinachotokea. Taa yangu ni ya omena, si ya sinema, kwa hivyo beba yako. Na mafuta ni juu yako.